Mbawakawa Kumi na Wawili wa Kituo cha Saba

Mzee Pini alistaafu kazi ya makumbusho akiwa na mambo matatu ya kujivunia: macho yasiyotaka miwani, binti muuguzi asiyeogopa mtu, na jina. Na jina lenyewe si hili la Pini. Hilo walimpa wenzake kwa utani, kwa kuwa miaka thelathini na saba kazi yake ilikuwa kuwachoma wadudu pini na kuwapanga kwenye droo. Jina ninalosema mimi ni lile la watu kuambiana, "Kama lebo imeandikwa na Pini, usiulize." Mtu anayesemwa hivyo maisha yake yote hulala usingizi mnono. Mzee Pini naye alilala, isipokuwa siku mojamoja.

Asubuhi ya Jumanne moja simu ililia akiwa anamwagilia miche yake ya nyanya nyuma ya nyumba. Aliyepiga alikuwa mtafiti wa makumbusho, mwanamke kijana aliyefika pale miaka miwili baada ya yeye kuondoka. Walikuwa wakijuana kwa salamu tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Nzuri, ila nimekwama kwenye droo zako. Unaweza kuja leo?"

Droo zako, alisema. Basi mzee mzima akaacha bomba likimwaga maji hovyo, akaenda kutafuta shati lenye vifungo vyote. Mtu akishastaafu, anachotamani si pesa wala mapumziko, ni kuambiwa kuna jambo limekwama na hakuna mwingine wa kulikwamua.

Chumba cha wadudu kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, na harufu ya dawa ya nondo ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Kibao walichokipigilia siku ya kumuaga kilikuwa bado pale: Chumba cha Mzee Pini. Ndani, kigoda chake kilikuwa na ule waya alioufunga mwenyewe kwenye mguu uliolegea. Meza ilikuwa na alama nyeusi ya birika alilolisahau mwaka ambao hata haukumbuki tena. Dirisha bado lilikataa kufunguka mpaka lipigwe kofi upande wa juu. Alilipiga kofi, likafunguka.

"Keti, mzee wangu," mtafiti alisema. "Nikueleze tangu mwanzo."

Hakuhitaji kuelezwa mwanzo, mwanzo ulikuwa wake. Kwenye mlima ule, ambao ukisimama mlangoni mwa makumbusho unauona mzima siku isiyo na mawingu, kulikuwa na vituo saba. Cha kwanza kilikuwa chini kwenye mashamba, cha saba kileleni, na kati ya kituo na kituo ni mita mia moja za kupanda. Kila kituo kilikuwa na jiwe kubwa lililopakwa namba kwa rangi nyeupe, na rangi yenyewe aliipaka yeye. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi gari la makumbusho lilimshusha chini, naye akapanda peke yake na kisanduku cha mbao chenye matundu saba na chupa saba. Kila kituo aligeuza mawe ishirini, akachukua wadudu aliowakuta, kisha akarudisha kila jiwe vilevile lilivyokuwa. Mkuu wake wa wakati huo hakuwa na mchezo kwenye hilo. "Jiwe ni paa la mtu," alimwambia siku ya kwanza. "Ungependa mtu aje kwako akung'olee bati halafu aende zake?"

Na katika wadudu wote wa mlima ule, Mzee Pini alikuwa na wake wa moyoni. Alikuwa mbawakawa mdogo, saizi ya punje ya haragwe, mgongo wa kijani cha kumetameta, kifua cheusi. Hana mabawa ya kurukia. Popote anapokwenda anakwenda kwa miguu yake sita. Kwenye vitabu ana jina refu la kuvunja ulimi. Pini alimwita Koti, kwa jinsi alivyokaa kama bwana aliyevaa koti la sherehe na hana sherehe ya kwenda. Nyumbani kwa Koti kulikuwa Kituo cha Pili, cha Tatu na cha Nne. Juu ya hapo baridi ilikuwa kali kwake. Kileleni aliishi mwingine, mnene, wa rangi ya majivu, ambaye Pini alimwita Kijivu, na huyo hakuwahi kushuka hata hatua moja.

"Nimegeuza mawe yako miaka miwili," mtafiti alisema. "Mawe yaleyale, vituo vilevile. Cha Pili hakuna Koti. Cha Tatu hakuna. Cha Nne hakuna hata mmoja, mzee wangu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Anaanza kuonekana Kituo cha Tano, kwa shida. Walio wengi wako cha Sita na cha Saba. Na Kijivu sijamwona kabisa. Mlima umepata joto. Waliokuwa chini wanapanda kuifuata baridi yao, na waliokuwa juu hawana tena pa kupanda."

Kituo cha Nne kisicho na Koti hakikumwingia Mzee Pini akilini. Siku zile ulikuwa ukigeuza jiwe unawakuta sita, wanatawanyika kama watu waliofumaniwa.

"Sasa umekwama wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshaanza kuhisi.

Mtafiti alivuta droo moja, akaiweka mezani taratibu. Koti kumi na wawili walikuwa wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja na pini yake, kila mmoja na lebo yake chini, mwandiko mdogo ulionyooka. Machi, mwaka wa kwanza wa kazi ya Pini. Kituo cha Saba.

"Hawa," alisema mtafiti. "Miaka arobaini na miwili iliyopita, Koti kumi na wawili kileleni. Kama walikuwa kileleni siku zile, basi hawajapanda popote. Wenzangu waliosoma kazi yangu wamenishika hapohapo. Wanasema labda Koti alikuwepo mlima mzima tangu zamani, na huku chini amekufa kwa sababu nyingine, dawa za mashambani au kitu kama hicho. Wakishaamini hivyo, hakuna atakayehangaika na huko juu."

"Si uwatoe hao kumi na wawili?"

"Siwezi kuchagua lebo ninazozipenda, nikaacha nisizozipenda. Nikiitoa hii bila sababu, kesho mtu ataniuliza kwa nini nisitoe na nyingine." Alimtazama usoni, si kwa ubaya. "Ndiyo maana nimekuita. Siku ile, mzee wangu, ulipanda mpaka juu?"

Hapo ndipo ungemwona Mzee Pini, ambaye lebo zake haziulizwi, akimeza mate. Alisema ni zamani sana, ngoja kwanza akumbuke, atampa jibu kesho.

Akumbuke nini? Siku ile aliikumbuka kuliko siku ya harusi yake.

Aliporudi nyumbani maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye kizingiti, na binti yake, aliyetoka zamu ya asubuhi, alikuwa amesimama na fagio akiyasukuma nje kwa hasira.

"Baba, unataka kufuga samaki?"

"Nilisahau bomba."

"Wewe? Usahau?" Aliliweka fagio chini. Kazi ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kusoma nyuso, na wa baba yake ulikuwa si mgumu. "Kaa chini. Una nini?"

Alijaribu kuzungusha maneno, lakini kwa binti yule maneno hayazunguki mbali. Mwishowe akamweleza.

Mwaka ule alikuwa na miezi mitano kazini, amebakiza mmoja wa majaribio. Akifaulu anaajiriwa, asipofaulu anarudi kubeba mizigo sokoni. Mkewe, ambaye maisha yao yote alimwita Bibie, alikuwa amemng'ang'ania kwa wiki tatu: anataka kukiona kilele. Kila mwezi mume wake anapotea siku nzima huko juu, anarudi na tabasamu na matope, kuna nini huko? Basi Machi ile akamchukua. Bibie alipanda na viatu vya kuazima vilivyompwaya, akiimba nyimbo za jikoni, akigeuza mawe kuliko hata mwenye kazi. Alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, na kila alipomshika mdudu alimshika vizuri.

Walipofika Kituo cha Nne akakaa ghafla juu ya jiwe, akatapika.

"Ni mlima," Pini alimwambia, ameingiwa na hofu. "Mlima unawafanya watu hivyo. Tushuke."

Bibie akajifuta mdomo, akacheka. "Mlima gani? Mlima unaanza kutapisha watu tangu wakiwa jikoni kwao? Ni wiki ya pili hii. Mimi ni mjamzito, bwana wewe. Nilitaka nikuambie juu kileleni, lakini naona mtoto hana subira."

Hawakufika juu. Walikaa pale Kituo cha Nne mpaka jua likapinda, mgongo kwa mgongo, wakila mkate na kupanga majina ya mtoto na kuyapangua. Ukungu ulipanda, ukawapita, ukarudi. Pini anasema hajawahi tena kuwa na furaha kama ile, na hamsemi vibaya mtu wala siku nyingine yoyote. Walipoinuka kushuka ndipo alipoziona chupa tatu tupu kwenye kisanduku, ya Tano, ya Sita na ya Saba.

Ya Tano na ya Sita aliziandikia "ukungu mkubwa, sikuona kitu." Hilo lilikubalika, lilikuwa limewahi kutokea. Lakini chupa ya Saba ikirudi tupu pamoja na hizo, Mkuu angejua moja kwa moja kwamba kijana hakupanda. Mwezi mmoja wa majaribio umebaki, mtoto yuko njiani. Akageuza mawe palepale, akawakusanya Koti kumi na wawili, akawatia kwenye chupa ya Saba. Alikuwa bado mgeni kazini, hakujua kwamba Koti hana shughuli yoyote kileleni.

"Mkuu akagundua?" binti aliuliza.

"Angegundua ingekuwa nafuu. Alifurahi. Alisema nimemwona Koti mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona. Aliniita mbele ya wote akanipa mkono. Nikaajiriwa wiki ileile."

Midomo ya binti ikaanza kumcheza. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu sayansi. Hata sijazaliwa."

"Usinichekeshe. Sina hamu ya kucheka."

"Na kwa nini hukusema baadaye?"

"Mwaka wa kwanza niliogopa kufukuzwa. Wa kumi niliona haya. Wa ishirini Mkuu alikuwa amefariki, na hakuna aliyekuwa akiifungua droo ile. Nilijiambia, kumi na wawili katika maelfu, watamdhuru nani?" Alitazama mikono yake. "Sasa nikisema nilipanda, binti wa watu kazi yake inaanguka, na Koti huko juu hawana wa kuwajali. Nikisema nilidanganya, watu watauliza kama alidanganya siku moja, alidanganya siku ngapi. Miaka thelathini na saba yote inaingia maji. Mimi nina nini kingine?"

Binti yake aliinuka, akaleta kipimo. Alimpimia presha, akaona imepanda, akamwandalia chai bila sukari.

Usiku ule sitausimulia, maana hakuna kilichotokea isipokuwa mtu kugeuka upande huu na upande ule. Asubuhi alipiga moyo konde akarudi makumbusho.

"Sikupanda," alisema akiwa bado amesimama mlangoni, chini ya kibao chenye jina lake. "Hawa walitoka Kituo cha Nne. Lebo ni ya uongo, na mwongo ni mimi."

Mtafiti aliitua kalamu. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mzee wangu, miezi minane nimekaa na droo hii. Miezi minane. Nimekokotoa joto la kilele la miaka hiyo, nimewatafutia sababu, nimekosana na watu kwa ajili yao."

"Najua. Nisamehe."

"Na zile nyingine? Kuna maelfu humu. Nitamwambia mtu nini akiniuliza kuhusu zile nyingine?"

Mzee Pini alivuta kigoda chake, akaketi, akaomba lenzi. Kilichofuata ni jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Bibie.

"Mbawakawa anachomwa pini wapi?" aliuliza.

"Gamba la kulia," mtafiti alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mbawakawa ana magamba mawili magumu mgongoni, kama milango miwili ya kabati, na pini hupita kwenye mlango wa kulia. Kila aliyefunzwa kazi hii anajua, hakuna mjadala.

"Watazame hawa."

Mtafiti aliinamia droo. Alitazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi kwa wa kwanza. Kumi na wawili wote pini ilikuwa imepita gamba la kushoto.

"Siku ya kuwachoma," Mzee Pini alisema, "niliona sitaweza kuandika lebo ya kweli. Lakini niliona pia siku moja nitazeeka, nitaisoma lebo yangu mwenyewe na nitaiamini. Nikawachoma kushoto, ili nisije nikajidanganya na mimi. Mkuu macho yake yalikuwa yameshaanza kuchoka, hakuona. Nikajiapiza kwamba nikiandika uongo mwingine wowote, mdudu wake naye nitamchoma kushoto. Sikuwahi tena. Lakini usiniamini. Zifungue zote."

Wakazifungua zote. Ilikuwa kazi ya siku tatu, droo baada ya droo, mtafiti upande huu wa meza na mzee upande ule, kila mmoja na lenzi yake. Na hapa nikuambie ukweli, mzee alikuwa roho juu. Mtu hujiona mkweli kwa kumbukumbu zake tu, na kumbukumbu hupenda kumpendelea mwenyewe. Je, ule mwezi wa mafuriko? Je, ule mwaka aliougua goti? Kila droo ilipovutwa alibana pumzi, na kila ilipofungwa alishukuru kimoyomoyo. Kulia, kulia, kulia. Aliwaona tena wadudu wa ujana wake mmoja mmoja, na kila lebo ilimrudishia siku nzima: mvua hii ilimkuta Kituo cha Pili, huyu alimkimbiza nusu saa, huyu alimpata siku binti yake alipoota jino la kwanza. Alisahau kwamba anachunguzwa. Mara kadhaa alianza kusimulia, na mtafiti, aliyekuwa bado amenuna, alijikuta anauliza, "Halafu ikawaje?"

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, droo zikiwa zimebaki nne, mtafiti alisimamisha lenzi.

"Huyu hapa ni wa kushoto."

Mzee Pini aliiweka lenzi chini. Haiwezekani. Aliinuka, kigoda kikaanguka. Alikuwa Koti, peke yake pembeni mwa droo, na kweli pini ilikuwa kushoto, wala haikunyooka sawasawa, ilikuwa imeinama kidogo kama imechomwa na mtu aliyekuwa akicheka. Mtafiti alimtazama mzee kwa macho ya mtu aliyekuwa ameanza kuamini na sasa anajilaumu.

"Soma lebo," mzee alisema. Hakuweza kuisoma mwenyewe.

"Kituo cha Nne. Machi, mwaka uliofuata." Mtafiti aliisogeza lenzi. "Huu si mwandiko wako."

Herufi zilikuwa kubwa, za duara, zimelalia kushoto zote. Mzee Pini aliuweka mkono mdomoni. Bibie. Alikuja makumbusho siku moja na mtoto mgongoni, mwaka mmoja kamili baada ya siku ile. Walikuwa wamepanda pamoja tena hadi Kituo cha Nne wakiwa watatu, na hawakupita hapo maana mtoto alilia. Kesho yake alimwomba amwonyeshe anavyofanya kazi, ati hawezi kuishi na mume ambaye yeye hajui anashinda akifanya nini. Alimpa pini na Koti mmoja. Bibie akachoma kwa mkono wake wa kushoto, gamba la kushoto, akaandika lebo mwenyewe, na Pini akamwambia imekosewa. "Imekosewa wapi?" Bibie alisema. "Si amekaa?" Akamwacha hivyohivyo, akamweka pembeni, na miaka ikampitia juu mpaka akamsahau.

Alilia pale mbele ya mtafiti bila kujificha. Alikikumbuka kile kicheko, ule uzito wa mtoto, ile kanga iliyokuwa imelowa mate ya mtoto begani. Bibie alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, mwaka uleule wa kustaafu, na nyumbani hakuna karatasi hata moja yenye mwandiko wake, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema, si wa kuandika. Kumbe ulikuwa huku muda wote, umelala kwenye dawa ya nondo.

Mtafiti alikiinua kigoda kilichoanguka, akamkalisha. Aliipeleka ile lebo ya Bibie kwenye mwanga, akaisoma tena, akaandika kwenye daftari lake: Kituo cha Nne, mmoja, sahihi.

Droo nne za mwisho zilikuwa za kulia zote. Mzee Pini akaomba karatasi, akakata lebo moja pana kuliko za kawaida, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Hawa kumi na wawili hawakutoka Kituo cha Saba. Walitoka cha Nne. Niliyeandika uongo ni mimi. Akatia jina lake halisi, lile la kuzaliwa, akaichoma chini ya mstari wa Koti. Kuhusu kibao cha mlangoni, mkuu wa sasa alipoambiwa alikuna kidevu, akasema tutaona. Mpaka leo bado wanaona.

Wiki mbili baadaye walipanda mlimani. Wazo lilikuwa la mzee, na binti yake alikataa katakata, kisha akaja mwenyewe na kipimo cha presha shingoni. Siku hizi kuna barabara ya gari mpaka karibu na Kituo cha Tano, waliikata kwa ajili ya mnara wa simu. Mzee aliomba wasimame cha Nne.

Namba nyeupe ilikuwa imefifia, lakini ilisomeka. Alipiga magoti kwa shida, akageuza mawe ishirini, na kila jiwe akalirudisha vilevile. Siafu, jongoo mmoja, udongo mkavu. Hewa yenyewe ilikuwa ya vuguvugu, hewa ambayo zamani ungeiacha kule chini kwenye mashamba. Alipomaliza alikaa kwenye jiwe kubwa, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa kando yake.

"Hapa ndipo mama yako alipotapika."

"Pazuri," binti alisema, akakaa.

Kutoka cha Tano kwenda juu walitembea kwa miguu. Mzee alisimama kila baada ya hatua ishirini, akisingizia kutazama mandhari, na hakuna aliyemwumbua. Walipofika kileleni jua lilikuwa limesimama katikati. Alienda moja kwa moja kwenye jiwe la namba saba, akachutama, akageuza jiwe la kwanza.

Walikuwepo. Wanne, kijani cha kumetameta, kifua cheusi, wakatawanyika kama watu waliofumaniwa. Jiwe la pili wawili. La tatu watano. Mtafiti alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na mzee aliendelea kugeuza na kurudisha, kugeuza na kurudisha, mpaka ishirini yakatimia. Koti walikuwa thelathini na mmoja. Kijivu hakuwepo. Hata ganda lake halikuwepo.

Binti yake alichutama kando yake. Alikuwa anamtazama Koti mmoja aliyesimama ukingoni mwa jiwe, akizungusha vipapasio vyake huku na huku.

"Baba," alisema, "si ulisema waliishi kwenye kituo cha mama?"

"Huko ndiko walikoishi."

"Na wakitoka hapa wanaenda wapi?"

Mzee Pini aliinua macho. Juu yao kulikuwa na nguzo ya mnara wa simu, na juu ya nguzo mbingu. Miaka arobaini na miwili alikuwa ameuogopa uongo mmoja, na wale wadudu, kwa miguu yao sita, hatua kwa hatua, walikuwa wameupanda mlima mzima mpaka wakaufanya kuwa kweli.

"Heri ningebaki mwongo," alisema.

Mtafiti alimletea kisanduku cha zamani, kile cha mbao, alichokuwa amekikuta stoo. Akachomoa chupa ya saba, akamfungulia, akamwambia achukue Koti kumi na wawili, hawa safari hii lebo yao itakuwa sawa. Mzee alitikisa kichwa. Alilirudisha jiwe la mwisho polepole, akilipapasa pembeni mpaka likakaa vilevile lilivyokuwa, paa juu ya wenyewe. Kisha akaandika lebo: Kituo cha Saba, Koti thelathini na mmoja, Kijivu hakuna, sikuchukua hata mmoja. Akaitia lebo ndani ya chupa tupu, akaifunga, akairudisha kwenye tundu lake la saba, na safari hiyo hakuna aliyemuuliza kama alipanda.